Gari Lililokataa Kona

Walimwita Mama Breki, wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Kisa chake ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kutoka uani, alikuwa akilisogeza lori lake hatua tano na kulifunga breki, hatua tano tena na breki, hatua tano tena na breki, mara tatu bila kukosa, huku abiria walioketi juu ya magunia wakigongana vichwa na kumlaani kimoyomoyo. Kimoyomoyo, nasema, kwa sababu aliyethubutu kulaani kwa sauti alishushwa yeye na gunia lake. Mama Breki hakuwa mtu wa kubembelezwa. Unataka kupanda, panda. Hutaki, una miguu miwili na barabara ni ya wote.

Sababu ya breki ilijulikana. Miaka sita nyuma mumewe alikuwa akishuka na lori hilohilo kutoka maduka ya mlimani, shehena ya viazi nyuma, jua kali, barabara kavu. Alipofika kwenye kona ya mwamba, lori halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, likaruka ukingo, likanasa kwenye jiwe kubwa hatua ishirini chini. Yeye akatupwa nje, akafa palepale. Waliokuja kulivuta walitikisa vichwa wakasema ni breki. Gari likianguka watu husema breki. Ni jibu jepesi, na hakuna anayelaumiwa.

Lori lenyewe, ajabu yake, lilitoka na mikwaruzo na taa moja iliyovunjika. Mjane alijifungia ndani miezi miwili. Mwezi wa tatu akasikia wenye maduka kule juu wameanza kutafuta gari jingine la kuwapelekea sabuni na misumari na kuwashushia viazi. Binti yake pekee alikuwa bado shuleni. Akavaa koti la mumewe, akachukua ufunguo, akajifunza kuendesha. Wanaume wa stendi walivunjika mbavu kwa kucheka siku ya kwanza alipozima injini mara nne mbele yao. Mwaka haukuisha, wakawa wanamwomba lifti.

Lakini hiyo kona sasa.

Safari yake ya kwanza ya kushuka peke yake, alipofika pale juu ya mwamba akazungusha usukani kushoto, usukani ukakaza. Magari mazee yana ugumu wake, na lile lilikuwa gumu kila mahali, lakini pale ilikuwa kitu kingine kabisa. Lori lilikuwa likitaka kwenda mbele, moja kwa moja, kule ukingoni, kule kwenye lile jiwe. Alilisikia likivuta kama mtu anayemshika mwenzake mkono. Nywele zikamsimama. Akaukumbatia usukani kwa mikono yote miwili, akauvuta kwa mgongo mzima, akasema bila kufikiri, "Niache nipite, mume wangu. Mtoto yuko nyumbani."

Lori likakata kona, shingo upande.

Tangu siku hiyo hakupita pale bila kumwamkia. Akawa anasema tu, "Tunapita," kisha anavuta. Binti alipoanza kufuatana naye siku za likizo, akafundishwa hivyohivyo, akawa anasema, "Baba, tunapita." Abiria nao wakazoea. Walikuwa wakipiga domo njia nzima, bei ya chumvi, mke wa nani kamkimbia nani, wakikaribia mwamba kimya kinaingia chenyewe. Wako waliofumba macho. Mchuuzi mmoja wa ndoo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliapa kwamba ameona usukani ukijivuta wenyewe. Huyo alikuwa anatia chumvi, lakini si sana.

Na Mama Breki je, aliogopa? Aliogopa, tena sana. Kila juma, usiku wa kuamkia safari, alikesha. Lakini siku zote sita za juma alikuwa mjane, na ile ya saba, kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, alikuwa na mume. Asingekubali mtu amwondolee hilo. Ndiyo maana hakuruhusu fundi yeyote aguse ekseli ya nyuma. Mumewe aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo kazi yake ya mwisho, na ilikuwa haijafunguliwa tangu hapo. "Ongeza oili, funga nati, ondoka," ndiyo amri aliyowapa mafundi wote, na mafundi wakafyata.

Mpaka gari lilipoanza kulia. Kwanza mlio mwembamba ukiachia mafuta, kisha mluzi, kisha siku moja juu ya tambarare kukasikika *kraak*, na baada ya hapo lori likawa linatembea kwa kugugumiza. Wakati huohuo binti alikuwa amemaliza masomo, anangoja leseni yake juma hilohilo. Mgongo wa Mama Breki ulikuwa umechoka, na walishakubaliana kwamba usukani utahama mikono. Hakukuwa na namna. Akalikokota lori hadi kwa fundi wa difu, ule mtambo wa gia ulio katikati ya ekseli, yule waliyemwita Nywele.

Nywele alikuwa na upara unaong'aa kama sahani. Jina alipewa kwa sababu kila nafasi kati ya gia na gia aliipima kwa kinywa: "Hapa inatakiwa nywele moja. Hapa nywele mbili. Hapa wewe umeacha ndevu nzima, kijana, fungua upya." Gereji yake ilikuwa ua mrefu wenye bati nusu, sakafu nyeusi kwa oili, na ukutani spana zimepangwa kwa ukubwa, kila moja na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe. Ukikosea kuirudisha, utatukanwa vizuri.

"Dada, leo umekubali?" akasema Nywele alipoliona lori. "Nilidhani utanizika kwanza."

"Usinichokoze, fundi. Angalia uniambie."

Alilipandisha nyuma kwa jeki, akaweka stuli mbili za chuma, magurudumu yote mawili ya nyuma yakaning'inia hewani. Akamwambia binti atoe gia, kisha aje azungushe gurudumu la kulia kwa mkono, polepole, kwenda mbele. Yeye akachuchumaa upande wa kushoto.

Binti akazungusha. Nywele akaangalia. "Tena," akasema. Binti akazungusha tena.

"Acha," akasema Nywele, na utani ukawa umemtoka sautini. "Dada, nani aliifungua hii?"

"Hakuna. Nimekwambia, haijafunguliwa tangu mume wangu afariki."

"Njoo uone." Akamsogeza karibu. "Ukizungusha gurudumu hili mbele, lile la pili linatakiwa lirudi nyuma. Ndivyo difu nzima inavyofanya. Hili lako linakwenda palepale mwenzake anapokwenda. Yanazunguka kama yamefungwa kamba."

Mama Breki akaangalia magurudumu mawili yakizunguka pamoja, upande mmoja, mwendo mmoja. Hakuelewa bado.

Nywele akamwaga oili, ikatoka nyeusi na vipande vya meno ndani yake. Akachomoa shafti mbili, akafungua nati kumi, akaitoa difu yote kwa kuikumbatia kifuani akaiweka juu ya meza. Gia kubwa ya duara, krauni, ilikuwa imeng'oka meno matatu. Hilo alilitegemea. Akaifuta kwa kitambaa, akamulika tochi ndani ya kibweta cha katikati, pale penye vile vigia vidogo vinne. Akasonya.

Vigia havikuonekana. Nafasi yote baina yao ilikuwa imejazwa chuma cha kuchomelea, madonge kwa madonge, moja juu ya jingine.

"Wamechomelea," akasema. "Sikilizeni. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu, la ndani linatembea njia fupi. Hivi vigia ndivyo vinavyotoa ruhusa, wewe tangulia, wewe subiri. Ukivichomelea, ruhusa hakuna. Magurudumu yote mawili yanalazimika kutembea sawa. Kwenye matope ni raha, hukwami hata kidogo. Kwenye kona gari halitaki kupinda. Linataka kwenda mbele tu."

Mama Breki hakuwa anamsikiliza. Alikuwa akiangalia madonge. Aliyajua. Nyumbani kwake geti lilikuwa na madonge hayohayo kwenye bawaba, manene juu, membamba chini. Mumewe alijua mengi lakini kuchomelea hakukujua, na kila alipochomelea alikuwa akicheka mwenyewe akisema muhimu kishike. Kila asubuhi ya miaka sita alilifungua geti lile akapitisha kidole juu ya madonge yake. Sasa akakipitisha kidole juu ya haya.

Na hapo ndipo lilipomrudia lile alilokuwa amelizika kabisa.

Miezi minne kabla ya ajali walikwama. Walikuwa wote watatu, binti ana homa, gurudumu moja linazunguka hewani kama pangaboi na jingine limelala topeni halina hili wala lile. Walishinda pale mchana kutwa mpaka trekta ilipopita. Naye akampa mumewe maneno. Lo, siku ile alikuwa na mdomo! Alimwambia mbele ya abiria, "Mwanamume gani anashindwa na tope? Mtoto anaungua kwa homa na wewe unaangalia gurudumu linacheza! Fanya ujuavyo, lakini gari hili likikwama tena, mimi sipandi, na mtoto wangu hapandi." Siku mbili baadaye mke alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe anajitoa chini ya lori, mikono imeungua cheche, uso unacheka. "Halikwami tena," alimwambia. "Nakuapia." Na kweli, halikukwama tena.

Mke alikuwa amefurahi siku ile. Hata alimchemshia mumewe maji ya kuoga.

"Mama?" binti akaita. "Mama, kaa chini."

Akaketi juu ya tairi bovu. Binti akamgeukia fundi. "Lakini kama ni hivyo, kwa nini livute pale mwambani tu? Kona ziko nyingi."

Nywele akafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amesikia habari za ile kona, nani asiyesikia? Akaangalia upara wake kwenye kioo cha lori, kana kwamba jibu liko huko.

"Kona nyingine zina vumbi na kokoto," akasema hatimaye, taratibu. "Matairi yanateleza kidogo, yanajipa ruhusa yenyewe. Pale ni mwamba mtupu. Tairi linang'ang'ania. Hapatelezi kitu, basi gari linasukuma mbele." Akashusha sauti. "Si breki, dada. Breki zako nimeziangalia. Ni nzima kuliko zangu."

Mahali fulani nje mtu alikuwa akigonga bodi ya gari kwa nyundo.

Asubuhi ya pili walikwenda watatu kwenye duka la spea. Lilikuwa duka refu jembamba, rafu mpaka dari, harufu ya grisi na maboksi, na muuza spea aliyezoea watu wanaonunua kwa macho. Wako wengi, jamani. Kitu kinang'aa, wanabeba. Aliwaletea krauni mpya kabisa kwenye karatasi ya mafuta, akaipigapiga kwa ukucha.

"Meno mangapi?" Nywele akauliza.

"Hii ni nyepesi kuliko yenu, gari litakimbia kama swala."

"Sikukuuliza mbio, nimekuuliza meno." Akayahesabu mwenyewe, akaisukuma. "Ekseli ya mbele ina meno arobaini na moja kwenye krauni kwa kumi kwenye kigia chake. Nyuma nikiweka hii, siku dada akivuta kwa magurudumu yote manne, mbele kunataka mwendo wake na nyuma wake. Zitagombana mpaka moja ivunjike. Lete arobaini na moja kwa kumi."

Zilikuwapo seti mbili. Moja ilitoka kwenye gari lililovunjwa, meno yamesuguka vizuri, lakini Nywele alipogeuza krauni na kile kigia kidogo kinachoizungusha, namba zilizochongwa juu yao hazikufanana.

"Hawa hawajuani," akasema. "Kila mmoja kakua na mwenzake mwingine. Ukiwaoanisha leo watapiga kelele mpaka kufa. Lete ile."

Ile ya pili ilikuwa mpya, namba zimelingana. Akaikubali kwa kuinusa, maana Nywele alinusa kila kitu. Ikabaki loki, yaani kile cha kuyafunga magurudumu mawili pamoja pale penye tope. Muuza spea akaweka mbili juu ya kaunta.

"Hii ni ya kamba," Nywele akawaeleza. "Inakaa wazi siku zote, gari linapinda kama kawaida. Ukifika kwenye tope unavuta kishikio ndani ya kebini, inafunga. Ukitoka, unarudisha. Na hii nyingine ni ya kujifunga yenyewe. Haina kishikio. Ukikanyaga mafuta inajifunga, ukiachia inajifungua, mara nyingine inachelewa. Utasikia tak, tak, tak kwenye kona."

Mama Breki akasogea. Akaigusa ile ya kujifunga yenyewe.

"Hii," akauliza, "pale kwenye kona, itavuta?"

Fundi akamwangalia. "Itavuta siku nyingine, dada. Inategemea mguu wako."

"Lakini itavuta."

"Mara mojamoja, ndiyo."

"Basi nataka hii."

"Mama!" binti akasema.

"Nimesema nataka hii. Gari ni langu."

"Gari ni lako, lakini anayeendesha ni mimi! Fundi amekwambia ni chuma, umeona kwa macho yako, sasa unataka kununua chuma kingine kinivute mimi?"

"Unataka tumwache baba yako peke yake pale?"

"Baba hayupo pale, Mama."

Muuza spea akajifanya hamnazo, akaanza kupanga boliti zilizokuwa zimepangwa tayari. Mama Breki akainua mkono. Alitaka kumzaba kofi, na haki ya Mungu angemzaba, mtu mzima yule mbele ya watu, isipokuwa Nywele alikohoa akauliza swali lake, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Hebu nionyeshe, mwanangu. Pale kwenye kona huwa unafanyaje?"

Binti alikuwa amekwishaendesha kona ile mara tatu kwa kujifunza, mama yake pembeni. Akasimama katikati ya duka, akashika usukani usiokuwapo. Akaegemea nyuma. Akauma meno. Mikono ikavuta kushoto, mabega yakapanda, mishipa ikamtoka shingoni, na mguu mmoja ukajisukuma dhidi ya kaunta kama unavyojisukuma ndani ya kebini. Midomo yake ikasema bila sauti, *Baba, tunapita.* Hata hakujua kwamba ameisema.

"Na siku mikono ikichoka?" Nywele akauliza.

"Namwomba aniache," binti akasema.

Mama Breki alimwona mwanawe. Alimwona kama hajawahi kumwona, mikono myembamba ya miaka ishirini na miwili, imekazana kushindana na hewa. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha kusalimia kipande cha chuma, na kukiomba ruhusa.

"Chukua ya kamba," akasema, akatoka nje kabla ya mtu kumjibu.

Kazi ilichukua siku mbili, naye alishinda siku zote mbili juu ya lile tairi bovu. Alimwona Nywele akipaka meno ya krauni rangi ya njano, akizungusha, akiangalia pale gia ndogo ilipong'ata, akisonya, akitoa, akiweka pete nyembamba ya chuma, akizungusha tena. "Nywele moja zaidi. Bado nywele." Mara kumi na moja alifungua na kufunga. Difu ya zamani ilikaa sakafuni karibu na mguu wake. Alipoulizwa kama itupwe, alisema hapana. Nywele akamkatia kile kibweta chenye madonge, akampa. Akakipakata. Kilikuwa kizito kama mtoto wa miezi miwili.

Kabla ya kulishusha lori, Nywele alimwita. "Njoo uzungushe mwenyewe."

Akashika gurudumu la kulia, akalizungusha mbele. Upande wa pili, gurudumu la kushoto likarudi nyuma, taratibu, bila kelele. Akalizungusha tena. Likarudi tena.

"Sasa sikiliza," Nywele akamwambia. "Usukani utakuwa mwepesi. Mikono yako imezoea vita. Pale kwenye kona uende polepole."

"Fundi, nimeendesha miaka sita. Unanifundisha leo?"

"Nakukumbusha tu, dada."

Leseni ya binti ilitoka siku hiyohiyo. Hata hivyo safari ya kwanza mama alisema ataendesha yeye, kwenda na kurudi, peke yao, bila abiria wala shehena. Binti hakubisha. Alijua kuna mambo ambayo hata leseni haiyagusi. Kile chuma chenye madonge kilikaa sakafuni mwa kebini, kati ya miguu yao.

Kupanda hapakuwa na neno. Lori lilipinda kila kona kama limezaliwa upya, mpaka binti akacheka. "Mama, hebu ona! Kumbe ndivyo linavyotakiwa kuwa!" Mama hakucheka. Kila kona iliyokubali bila ubishi ilimwondolea kitu. Mwambani walipita kwa urahisi, lakini kupanda mwendo ni wa kobe, na yeye alijiambia kwamba daima alikuwa akimngoja kwenye kushuka.

Wakageuza kule juu. Wakashuka. Mwamba ukaonekana, mweupe, umekauka kwa jua, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hewa. Mama Breki akavuta pumzi. Binti akafumba macho kama abiria.

"Tunapita," mama akasema, akavuta.

Alivuta kama alivyovuta miaka sita, kwa mikono yote miwili na mgongo wote. Hakuna kilichovuta upande wa pili. Usukani ulizunguka kama mfuniko wa chupa. Lori likageuka kushoto kwa ghafla, likaiacha barabara, na kufumba na kufumbua pua yake ikaingia kwenye ukuta wa mlima kwa kishindo. Kibweta cha chuma kikaruka kikampiga kisigino. Injini ikazima.

Mawe machache yakadondoka juu ya boneti, yakaacha.

"Mama! Mama, umeumia?"

Hakuwa ameumia. Bampa lilikuwa limebonyea na taa ileile imevunjika tena. Alikuwa bado ameushika usukani, anasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Injini iliyokuwa ikipoa ilipiga tik, tik, basi. Kiti hakikusogea. Hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa kwenye kona na binti yake, saa nne asubuhi, na hapakuwa na mtu mwingine.

Ndipo akalia. Miaka sita hakulia mbele ya mtoto, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama siku ile walipomletea habari.

"Ni mimi," akasema alipoweza. "Ni mimi niliyemwambia. Siku ile ya tope, ulikuwa umezidiwa na homa, hukumbuki. Nilimwambia afanye ajuavyo lisikwame tena. Akachomelea. Alichomelea kwa ajili ya mdomo wangu. Nami miaka yote hii nafunga breki kila asubuhi, nikidhani ndizo zilizomuua."

Binti alikaa akiyameza hayo. Yalikuwa machungu na hayakushuka mara moja. Aliinama akakiokota kile chuma, akakigeuza, akaangalia madonge. "Alichomelea kwa ajili ya homa yangu, basi," akasema. "Tugawane, Mama. Usibebe peke yako." Na yeye pia machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta.

Walirudisha lori nyuma kwa pamoja, mmoja akiongoza, mmoja akiendesha, likakaa sawa barabarani. Mama Breki akashuka.

"Endesha wewe," akasema. "Mikono yangu bado inashindana naye. Itaniua, au itakuua wewe."

"Na wewe?"

"Nitapita kwa miguu."

Akatembea kando ya ukingo, polepole, koti la mumewe limemfunika hadi magotini, mpaka akafika pale lori lilipoondokea siku ile. Hakuwahi kusimama pale. Chini aliliona jiwe, na upande wake mmoja bado lilikuwa na mkwaruzo wa rangi ya buluu ya lori. Nyuma yake akasikia injini ikiwaka, na gia ya kwanza ikiingia bila kusaga.

Lori likaja. Binti alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine umelala dirishani, na lilipinda juu ya mwamba kwa upole, kila gurudumu kwa mwendo wake. Alipokuwa sambamba na ukingo, mazoea yakamshinda, akasema kwa sauti, kama alivyofundishwa:

"Baba, tunapita."

Lori halikuvuta. Hakuna kilichomjibu, na Mama Breki aliuona uso wa mwanawe ukingoja, kisha ukianza kufifia.

"Pita, mwanangu," akamjibu yeye, kutoka pale alipoangukia mumewe. "Pita."